Pofu wa Momela Aliyechinjwa Kifuani

Nimeacha kazi ya kuchuna. Nasema nimeacha, kwa sababu najua huko Momela wapo wanaosema nimeachishwa. Sabuni ya sumu tunayopaka ndani ya ngozi ili wadudu wasiile imenila kucha za mkono wa kulia, na vidole havishiki tena kisu chembamba. Kilichoacha kazi ni mkono. Maneno bado ninayo, na ninayaandika kwa herufi nilizofundishwa katika shule ya serikali kule Tanga, shule ambayo sidhani ilitarajia nizitumie hivi. Atakayesoma akachukia, nyumba yangu iko hapa Arusha, nyuma ya soko, ile yenye mlango wa mbao za makasha. Aje mchana nitampa kahawa.

Ninawaandikia ninyi mliobaki katika banda la ngozi, na hasa mlioingia mwaka huu, ambao nasikia mnaambiwa kwamba zamani watu walikuwa watiifu. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini siandiki. Vyeo vilikuwa viwili tu, Bwana na sisi, na mishahara imeshaliwa zamani.

Kwa asiyeijua kazi yetu, huko Ulaya wana jumba la makumbusho ambamo wanyama wa nchi zote husimamishwa wakiwa wamekufa, na watu huingia kuwatazama. Mnyama hafiki kule mzima. Kinachofika ni ngozi iliyokaushwa, fuvu na mifupa, ndani ya makasha yaliyobebwa kichwani mpaka Moshi na kupakiwa gari la moshi kwenda Tanga. Kati ya mnyama anayekimbia Momela na mnyama anayesimama jumbani kuna banda moja la nyasi karibu na maziwa ya Momela, na ndani ya banda hilo tulikuwamo sisi, tukinuka.

Siku yangu ya kwanza nilipokewa na Mzee Feruzi, mtu wa Pangani, aliyekuwa mkubwa wa wachunaji. Nilimkuta ameketi juu ya kasha, miguu ameikunja, anakinoa kisu ambacho kwa macho yangu kilikuwa kikali tayari.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Ungengoja. Leo utachuna panya."

Nilidhani ananitania. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya simba na faru, na nyumbani nilikuwa nimeshajigamba. Akanipa panya wa shambani, mdogo kuliko kidole gumba, akasema ngozi itoke nzima pamoja na masikio, masharubu na mkia. Mkia ndio kazi. Unaubana mfupa wake kati ya kucha mbili pale unapoanzia, unavuta polepole, na ukiharakisha kidogo tu ngozi inakatika ukabaki na panya asiye na mkia, ambaye jumba halimtaki. Nilikata mikia mpaka jua likazama. Mzee Feruzi hakunigombeza hata mara moja. Kila nilipokata alinisogezea panya mwingine, na hilo lilikuwa baya kuliko kugombezwa.

Bwana wetu wa kwanza tulimwita Bwana Daktari. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu za tumbaku, na mtu wa kazi hasa. Mikono yake ilimchuna chozi, yule ndege mdogo anayenyonya maua, bila kupoteza unyoya, na yeye ndiye aliyenifundisha ndege. Ndege hutaka unga wa mahindi. Unaunyunyiza ndani ya ngozi unapochuna ili unyonye maji na mafuta yasichafue manyoya. Unga wa ndege ulikuwa mweupe, umechekechwa mara mbili. Wetu wa ugali ulikuwa na pumba na wakati mwingine mawe. Tulipomwambia Bwana Daktari, alicheka akasema ndege hawalalamiki. Mzee Feruzi akamjibu, "Hawalalamiki kwa sababu wamekufa, Bwana." Alicheka tena, na wiki iliyofuata unga wetu ukabadilika. Namsema kwa haki, maana nitakayemsema baadaye naye nataka kumsema kwa haki.

Baada ya panya na ndege nilipewa wanyama wakubwa, na hapo nilijifunza kugeuza masikio. Ngozi ya sikio lazima itenganishwe na gegedu lake mpaka nchani, ligeuke nje ndani kama soksi, la sivyo chumvi haifiki na sikio linaoza. Midomo nayo inapasuliwa kwa ndani. Kwato zinafunguliwa. Halafu chumvi na shabu, na kivuli, na kuomba mvua isinyeshe. Mnyama mkubwa aliyeuawa asubuhi, akicheleweshwa juani, manyoya yanaanza kuachia tumboni kabla ya alasiri. Ukivuta yanakuja mkononi, na ngozi ya hivyo hata jini hawezi kuiponya. Kwa hiyo kazi yetu kubwa ilikuwa haraka, na haraka yetu ilianzia pale mnyama anapoanguka.

Sasa nifike kwenye kisu. Sisi wengi katika banda tulikuwa Waislamu, watoto wa watu waliopanda bara na misafara, na nyama yetu ni ile iliyochinjwa roho ikiwamo. Wazungu wa makumbusho wanataka shingo isiguswe, kwa sababu mtu anayemtazama mnyama jumbani humtazama usoni na shingoni. Kila kambi ya wawindaji nchi hii imewahi kugombana kwa jambo hili. Mwindaji anapiga risasi, Mwislamu anakimbia na kisu, mwindaji anapiga kelele, kisu kinapita chini ya taya, na ngozi nzuri inabaki na mpasuko wa sikio hadi sikio.

Sisi hatukugombana, kwa sababu ya Mzee Feruzi. Ujanani alitembea na Wasomali wenye ngamia, na ngamia hachinjwi chini ya taya. Huchinjwa chini kabisa, pale shingo inapokutana na kifua. Mzee alimwuliza sheikh wake wa Pangani kama swala naye anaweza kuchinjwa hapo, akaambiwa anaweza, kwa jina la Mungu na kisu kikali. Basi aliangalia mstari ambao mchunaji hupasulia mnyama wa makumbusho. Mstari ule unaanzia kifuani na kwenda chini tumboni, na baadaye ndio unaoshonwa. Akaanza kuingiza kisu palepale, kwa urefu wa ngozi, na kukigeuza kwa ndani kikakata koo na mishipa. Damu ilitoka kwa mteremko, pamba ikawekwa pembeni, na mshono ukafunika kila kitu. Bwana Daktari alimtazama mara ya kwanza, akapitisha vidole kwenye manyoya ya shingo, akasema "Nzuri," na miaka yote aliyokaa nasi hakulizungumza tena.

Mtu mmoja tu hakuridhika, naye ni Lemburis. Huyu alikuwa Mwarusha wa upande wa machweo wa mlima Meru, bado murani, kijana wa vita, mfuatiliaji nyayo wetu na mtu mwenye nguvu kuliko sisi wote. Kwao mbuzi hubanwa pua na mdomo mpaka afe, damu isipotee hata tone, kisha huchotwa na kunywewa. Kila tulipochinja alisimama pembeni ameshika kichwa.

"Ero," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita siku zote, kama mtu anavyomwita kijana wa kwao, "nyinyi watu mnamwaga chakula chini, halafu mnasema mna njaa."

Wanyama wa porini hakula, isipokuwa nyati na pofu. Pofu ni yule swala mkubwa kuliko fahali, mwenye ngozi inayoning'inia chini ya shingo, na watu wa Lemburis humhesabu kama ng'ombe aliyekosa zizi. Lakini alikuwa na sharti lingine, gumu kuliko letu. Murani hali nyama peke yake. Akiwa hana mwenzake wa kula naye, hulala na njaa, nyama ikiwa mbele yake. Mzee Feruzi alimwuliza, "Sasa hapa Momela utakula na nani, na wenzako wote wako kwenu?" Lemburis alitufikiria kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu, akasema, "Nitakula na nyinyi. Si wazuri sana, lakini ndio mliopo." Tangu siku hiyo alikula nasi nyama iliyochinjwa, sinia moja, akinung'unika juu ya damu kutoka tonge la kwanza hadi la mwisho. Nilimpenda sana mtu yule.

Bwana Daktari alirudi kwao akiwa mgonjwa wa ini, na Mzee Feruzi akashuka naye hadi Tanga na kuendelea nyumbani Pangani. Banda likawa mikononi mwangu. Akaja Bwana mwingine, kijana, mrefu, tukamwita Bwana Pamba. Alijua kazi. Sitaki mtu aje aseme nilimdharau kwa ujinga, maana hakuwa mjinga. Jina lilitokana na mifuko yake, iliyojaa pamba. Mnyama akianguka tu alimziba pua, mdomo na tundu la risasi ili damu isiguse manyoya. Damu aliichukia kama watu wengine wanavyochukia nyoka. Na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamuru tu, ambacho ni Kiswahili kifupi sana.

Mara ya kwanza aliponiona nimepiga magoti na kisu kifuani mwa swala, alinishika mkono. "Hapana kukata," akasema. Nilimweleza habari ya mstari na mshono. Alisikiliza mpaka mwisho, hilo nalo ni haki kulisema. Kisha akasema damu hupanda kwenye manyoya hata ukiikinga, kwamba yeye atajibu kwa kila ngozi mbele ya wakubwa wake, na kwamba kuanzia siku ile hakuna kisu mpaka mnyama awe amekufa kabisa. "Nyama si kazi yenu," akasema. "Ngozi ni kazi yenu." Atakayekata angepata viboko ishirini na vitano, vile ambavyo nchi nzima inaviita hamsa ishirini.

Basi tukaanza kuchuna nyama tusiyoweza kula. Kila siku mikono yetu ilikuwa ndani ya minofu, na jioni tulikula ugali na maharage. Minofu ilitupwa kwa fisi au ilitegewa chui. Njaa ya nyama mtu huzoea. Kilichonikera ni kuinua paja zuri la kongoni kwa mikono yangu na kuambiwa nikalitupe, na mtu ambaye mwenyewe hakuwa hata na haja nalo. Nilichukia. Almasi na Kheri, wachunaji wenzangu, walichukia pia, lakini walikuwa na watoto wengi, wakaniambia tuvumilie.

Na Lemburis akaanza kukonda. Siku ile Bwana Pamba alipopiga nyati nilimwambia, "Wewe kula. Dini yako haina neno, na huyu hajamwaga hata tone la damu. Si ndivyo ulivyotaka?"

"Nile na nani?"

"Kula tu, ndugu yangu."

"Ero, unanitukana," akasema, akachukua ugali wetu akaketi.

Jumba lilikuwa limemwagiza Bwana Pamba pofu dume, mkubwa, wa kusimama na jike na ndama waliokwisha kukaushwa. Alimtafuta kiangazi chote. Makasha yalikuwa tayari, na mvua za masika hazikuwa mbali, na mvua zikianza ngozi nene namna ile haikauki. Asubuhi moja Lemburis aliona nyayo upande wa Ngare Nanyuki, tukazifuata mpaka tukamwona, amesimama peke yake kwenye uwanda, amekuwa wa kijivu kwa uzee, Kilimanjaro nyuma yake. Bwana Pamba alipiga risasi moja. Pofu alipiga magoti ya mbele, akalala ubavu, na mbavu zake bado zilikuwa zinapanda na kushuka.

Sikupanga. Miguu ilikimbia yenyewe na kisu kilikuwa mkononi. Nilifika, nikashika pembe, nikamgeuza kichwa kibla. Bwana Pamba akanifikia, akasimama juu yangu, bunduki imekingama kati ya mkono wangu na kifua cha mnyama.

"Hapana kukata!"

Nikamwangalia pofu. Alikuwa anapumua, jicho lake limefunguka, na kulikuwa na muda wa kutosha kabisa. Bunduki haikusogea. Mbavu zikashuka, hazikupanda tena.

"Sasa chuna," akasema Bwana Pamba, na akaanza kutoa pamba mfukoni.

Nikakipangusa kisu ingawa hakikuwa na kitu, nikakirudisha alani, nikaenda hatua chache pembeni nikaketi chini. Almasi akanitazama, akatazama kiboko mkononi mwa askari wa Bwana, akaketi karibu yangu. Kheri akasema, "Mungu wangu, watoto wangu," kisha naye akaketi.

Alibaki Lemburis, amesimama na mkuki. Bwana Pamba hakuwa mjinga, nimesema. Alijua mila za watu. Akamwendea, akamwambia kwa upole ambao sisi hatukuwahi kuusikia, "Wewe si Mwislamu. Watu wako hawakati. Pofu mnakula. Huyu ni wako wote. Saidia mimi."

Nilijua njaa aliyokuwa nayo. Shavu lilikuwa limeingia ndani. Lemburis alimtazama pofu kwa macho ya mtu anayemtazama ng'ombe wa baba yake. Akasema, "Bwana, wote huyu? Mimi na nani?"

"Wewe tu."

"Hapana. Mtu anayekula hivyo kwetu si mtu." Akauchomeka mkuki ardhini na kuja kuketi, na alipoketi alininong'oneza, "Damu yake yote iko ndani, ero. Yote. Hii ni shida kubwa niliyojitia kwa ajili yako." Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Bwana Pamba alivua koti akaanza mwenyewe. Alichuna vizuri, nasema tena. Jua likapanda. Alipasua mstari, akafungua miguu, akaitenga ngozi ubavu wa juu mpaka uti wa mgongo, safi, bila tundu. Lakini pofu dume amelala na ubavu mmoja chini, na huyu lazima ageuzwe, na kumgeuza ni kazi ya watu wanne wenye nguvu wanaotaka kumgeuza. Aliita askari wake wawili. Walisukuma, mnyama akatikisika, akarudi. Mmoja wao, Mnyamwezi na Mwislamu pia, aliteleza akaketi, na nikaona hakufanya haraka kuinuka.

Kwanza alituamuru. Halafu alitutukana kwa Kijerumani. Halafu akaja mbele yangu, mikono imelowa mpaka viwikoni, akasema neno ambalo sikujua kwamba analijua. "Tafadhali."

Niwaambie ukweli, lilinichoma. Ngozi ile ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona, na vidole vyangu viliwasha kwa kuitaka. Mchunaji anayeona ngozi nzuri ikiharibika huumia kama mama anayeona uji ukiungua. Lakini nilisema, "Bwana, sisi tulikuomba kabla wewe hujatuomba. Hukutupa." Nikabaki nimeketi. Alipokwenda kuvuta manyoya ya tumbo upande wa chini, yalikuja mkononi, shungi zima. Alisimama akiyatazama. Aliondoka na pembe na fuvu tu.

Alasiri ile nilifungwa kwenye nguzo ya banda nikapigwa hamsa ishirini. Asije mtu akawaambia kwamba wazee wenu hawakulia. Nililia, nilimwita mama yangu, nilijikojolea. Lakini askari alipomaliza na Bwana Pamba akaniuliza kama kesho nitachuna, nilimwambia kesho nakwenda kwangu. Asubuhi tukaondoka wote wanne. Tulishuka kwa kufuata mto Usa, wanawake wa Kimeru wakatupa ndizi bila kuuliza migongo imefanya nini, na tulipofika Moshono nilikuwa natembea nimeegemea bega la Lemburis. Nyuma yetu tuliacha banda zima la ngozi, na ngozi zisizogeuzwa na kupakwa kila siku huliwa na wadudu.

Mke wangu, Mwanaidi, alinikanda mgongo kwa maji ya chumvi, akaniambia nilikuwa na akili ya mbuzi, na akachinja kuku. Huko ndiko kusifu kwake.

Kwanza Bwana Pamba alituma askari na amri. Nikamjibu naumwa. Akatuma tena, mara hii na salamu. Nikajibu bado naumwa. Kisha akaja mwenyewe, amepanda nyumbu, akasimama mlangoni pangu, mtaa mzima umetoka nje kutazama. Mwanaidi akamtolea kigoda. Nilikuwa nimelala kifudifudi mkekani, na sikuinuka.

"Naweza kufunga wewe," akasema. "Umevunja mkataba."

"Unaweza, Bwana. Lakini mfungwa hageuzi masikio vizuri. Mikono humtetemeka."

Akageuka kutazama nje. Mvua ilikuwa imeshaanza kukusanyika juu ya mlima Meru, na wote wawili tuliiona kupitia mlangoni.

"Unataka nini?"

"Kisu. Mnyama akiwa hai. Mimi mwenyewe."

"Shingo hapana."

"Shingo sijawahi kuitaka. Kifuani, kwenye mstari."

"Na damu?"

"Pamba ni yako, Bwana."

Nilisikia nyumbu akitafuna majani ya paa la jirani, na jirani akimfukuza kwa sauti ya chini. Mwishowe akasema, "Na kama ikichafuka?"

"Basi utanipiga tena, na nitarudi tena nyumbani, na utakuja tena mlangoni hapa. Mimi sina safari."

Hakucheka. Alitikisa kichwa mara moja kukubali, akapanda nyumbu wake. Msimwite mtu aliyeshindwa. Alitaka pofu, na mimi nilitaka nyama, na safari hii yeye ndiye aliyekuwa na haraka.

Ninyi mliobaki, atakuja Bwana mwingine, mwenye amri nyingine juu ya kitu kingine. Huenda huyo hatagusa nyama, atagusa Ijumaa yenu, au maziko yenu, au majina yenu. Sijui. Najua tu kwamba ngozi haingoji, na kwamba anayejua hivyo vizuri ni ninyi. Msinijie kuuliza ruhusa. Mimi nimestaafu.

Tulimpata pofu wa pili kabla mvua za masika hazijaanza kunyesha. Si mkubwa kama yule wa kwanza, lakini dume kamili, shingo imejaa. Bwana Pamba alipiga, mnyama akalala, nami nikakimbia, mgongo bado unanivuta. Nilipopiga magoti nilisikia viatu vyake nyuma yangu. Akapita. Akapiga magoti upande wa pili, amejaza pamba mikono yote miwili, uso ameugeuza pembeni.

Nilisema jina la Mungu kwa sauti ya kusikika mpaka ziwani. Kisu kikaingia kwenye mstari, kikageuka, na damu ikashuka kwenye mteremko. Bwana Pamba akakinga kila upande kwa pamba yake, mkono wake karibu na wangu, macho ameyafumba. Shingoni halikupanda hata tone. Tukachuna, tukageuza, sote, na askari wawili wakasukuma bila kuitwa. Kabla ya adhuhuri ngozi ilikuwa kivulini imelala kwenye chumvi.

Kisha tukawasha moto palepale uwandani. Lemburis alikata vipande virefu, akapanga vijiti kwa mtindo wa kwao, akilalamika juu ya damu, akisema hajawahi kuona watu wenye roho ya kuharibu kama sisi, na akaketi katikati yetu akala mpaka akashindwa kuinuka. Almasi alikula, Kheri alikula na kufunga ya watoto, yule askari Mnyamwezi alikula. Bwana Pamba alikaa mbali juu ya kasha lake, mikono imelowa, akitutazama.

Pofu yule yuko Ulaya sasa, anasimama na jike na ndama, na nimeambiwa watu wanavua kofia wanapoingia kumtazama. Wamtazame. Ngozi wanayo wao. Nyama tulikula sisi, sinia moja, mchana kweupe.